Rimu Zilizopakwa Mafuta ya Nyonyo

Epifania binti Theodory alikuwa mwanamke ambaye neno "nisamehe" halikukaa kinywani mwake. Si kwamba alikuwa mbaya. Ukimkosea alikuwa anakwambia papo hapo, usoni, na akikukosea yeye, basi kesho yake asubuhi utakuta kikapu cha unga wa ulezi mlangoni pako, umesagwa laini, umefunikwa vizuri, na hapo ujue shauri limekwisha. Unga ndio uliokuwa unamsemea. Kijiji kizima cha Chanji walimjua hivyo. Mama mkwe wake, Marsiana, alikuwa ameshakula unga mwingi sana wa namna ile.

Kiburi hiki alitoka nacho kwao. Kwao ni kwa wafua chuma, upande wa kwenda Laela. Babu yake alikuwa mmoja wa wale waliosimamisha malungu, yale matanuri marefu ya udongo yanayomzidi mtu kimo mara mbili, wakayeyusha mawe mpaka yakatoa chuma. Epifania alipozaliwa matanuri yalikuwa yamekwisha kuzimika, majembe yanatoka dukani, lakini malungu mawili yalikuwa bado yamesimama nyuma ya shamba lao, nyasi zimeota juu yake, na mtoto wa nyumba ile alikua akijua kwamba chuma ni mtu wa nyumbani. Na alijua jambo jingine moja: chuma hakitoki kwenda kazini bila kupakwa mafuta ya nyonyo. Jembe jipya, shoka, mkuki, vyote. Mwanamke wa nyumba ndiye anayepaka, alfajiri, kabla hajasema na mtu, anawataja kwa majina wazee waliofua, chuma kinang'aa, ndipo kinatoka nje. Alipoolewa na Tadei wa Chanji hakuja na vitu vingi, lakini alikuja na kibuyu kidogo cha nyonyo alichopewa na bibi yake, na kila mwaka alikuwa anakijaza.

Tadei alikuwa amekwenda Lupa kuchimba dhahabu. Miaka mitatu alikaa huko. Mtoto wao wa kwanza, Polikarp, alitambaa, akasimama, akatembea, akajua kumwita baba mtu ambaye hamjui. Miaka mitatu Epifania alilima matuta peke yake, akapandisha ulezi ghalani peke yake, na watu wakimwuliza, "Mwenzako vipi?" anajibu, "Yupo," kama vile yupo nyuma ya nyumba. Tadei aliporudi, mwaka wa tatu baada ya vita vya Hitla kwisha, hakuleta dhahabu. Alileta koleo la kuchimbia na baiskeli nyeusi ambayo ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu wengi.

Sasa mwaka ule ule Bwana Shauri wa Boma, yule mzungu mkuu wa wilaya, akatangaza siku ya michezo. Patakuwa na kuvuta kamba, kukimbia na magunia, na mwisho mashindano ya baiskeli. Na atakayeshinda mashindano ya baiskeli ataandikwa tarishi wa Boma, apeleke barua Laela na kurudi, na mshahara kila mwezi.

Tadei alirudi nyumbani na habari hiyo, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama Polikarp, nikiipata kazi hii, Lupa basi tena. Nitalala hapa hapa Chanji mpaka unichoke. Nikiikosa, tukishavuna naondoka. Huku sina cha kufanya."

Epifania alikuwa anachambua maharage. Lakini moyo wake tangu siku ile ulikuwa juu ya ile baiskeli.

Na baiskeli yenyewe, jamani! Mnyororo ulikuwa unaruka kama chura. Gurudumu la mbele lilikuwa linacheza huku na huku mpaka mpandaji mwenyewe anaonekana amelewa. Pedeli moja ilikuwa kijiti tu. Na breki zilikuwa zimekwisha kabisa, mipira yake imelika, chuma kinasugua chuma. Tadei akaipeleka mjini kwa Yunusu.

Yunusu alikuwa fundi baiskeli, barazani kwa duka la Abdala. Mtu wa Ujiji, mpole, kofia yake nyeupe siku zote ingawa mikono yake ni myeusi kwa grisi. Mkewe, Kulsumu, alikuwa anakaanga maandazi pale pale pembeni. Baiskeli za Boma, za misheni, za walimu, zote zilipita kwa Yunusu. Alikaa na ile ya Tadei siku sita. Alinyoosha gurudumu njiti moja moja. Alipunguza mnyororo. Mipira ya breki hakuwa nayo dukani, basi akakata tairi kuukuu la lori kwa kisu, akachonga vipande vinne, akavisugua kwa tupa mpaka vikakaa sawasawa.

Siku ya kuichukua Epifania alikwenda pamoja na mumewe, mtoto mgongoni. Yunusu akayazungusha magurudumu, yakazunguka kimya.

"Bwana Tadei," akasema, "mafuta nimekwisha tia, kwenye mnyororo na kwenye vitovu vya magurudumu. Yanatosha. Yasiongezwe hata tone. Rimu ziwe kavu, maana breki zinashika rimu, na zinashika kwa ukavu."

Epifania akaingilia. "Chuma kikavu, fundi? Hicho si chuma, ni ukuni."

Yunusu akacheka, si kwa ubaya. "Mama, hii si jembe."

Waliokaa barazani wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwache, huyu binti wa malungu, atakufulia baiskeli nyingine!" Tadei naye akacheka kidogo. Epifania alirudi Chanji na kicheko kile masikioni, njia nzima. Moyoni alikuwa anajibizana: huyu anajua mafuta ya kopo la dukani. Sisi tulikuwa tunapaka chuma kabla babu yake hajaona hata msumari.

Siku ya mashindano, alfajiri, baridi ya Ufipa ile ya mwezi wa tano, ukungu umelala juu ya ulezi ambao haujakatwa, Epifania akaamka. Akachukua kibuyu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Akaanza juu, kwenye usukani, akashuka kwenye vyuma, akafika kwenye rimu. Hapo mkono ulisimama. Alikumbuka vizuri kabisa maneno ya Yunusu, asije mtu akasema alisahau. Aliyakumbuka, na kile kicheko akakikumbuka pia. Akachovya kitambaa tena, akapaka rimu ya mbele yote, akapaka ya nyuma yote, ndani na nje, akitaja jina la babu na la baba wa babu. Aliomba jambo moja tu, mume asiondoke tena.

Tadei alipotoka nje alisimama. "Ala! Fundi Yunusu huyu! Imeng'aa kuliko jana!"

Epifania akatabasamu. Akawaza, nitamwambia akishashinda. Nitamwambia mbele ya Yunusu.

Tadei hakuipanda kwenda Bomani. Aliisukuma kwa mkono, isichafuke.

Njia ya mashindano ilikuwa inatoka uwanja wa Boma, inateremka polepole mpaka kwenye daraja la magogo, inapanda ng'ambo, inakwenda hadi njia panda ya Laela, watu wanageuka, wanarudi njia ile ile. Mteremko wa upande wa Boma ni mpole. Ule wa ng'ambo ndio mkali, una kona, na ukiimaliza kona daraja liko mbele ya pua yako. Kando ya daraja palikuwa na shimo la watengeneza matofali, limejaa tope. Watu wengi walisimama hapo darajani, maana hapo ndipo penye kuonekana mambo. Epifania alikuwa hapo na wanawake wenzake. Yunusu naye alikuwa hapo na pampu yake na spana, awasaidie watakaoharibikiwa.

Walipita wanane kwenda, vumbi tupu. Wakapotea. Watu wakakaa wakangoja. Kisha mtu mmoja juu ya kichuguu akapiga kelele, "Anakuja! Yuko peke yake! Ni Tadei!"

Na kweli alikuwa peke yake. Wa pili, Adolfu wa Laela, hata hajaonekana. Tadei ameinama, shati limejaa upepo, Epifania akasikia wanawake wanampigia vigelegele yeye, mke wa tarishi. Tadei akafika mteremkoni. Akaonekana anakamata breki. Akaonekana anakamata tena. Akaanza kuburuza miguu chini, ndala za tairi zikaruka huku na huku, akapiga kelele, "Ondokeni! Ondokeni!" Kona ikamshinda. Alipita kando ya daraja hewani, yeye na baiskeli, wakaingia shimoni wote wawili, pwaa!

Kicheko kilichotoka pale sijui kama Sumbawanga imesikia kingine. Hata Bwana Shauri, waliokuwa naye wanasema, aligeuza uso ili asionekane. Na Tadei bado anatafuta miguu yake topeni, Adolfu akapita juu ya daraja taratibu, anapiga kengele, kringi kringi, anaaga.

Tadei alitoka shimoni mweusi mwili mzima, macho tu. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Yunusu.

"Breki zako hizi! Umeniwekea nini?"

Yunusu alishuka shimoni, akaiinua baiskeli, akafuta tope mahali padogo kwenye rimu, akapitisha kidole. Akakisogeza kidole puani, akanusa. Akanyanyua macho, akatazama watu, na macho yake yalipofika kwa Epifania yalikaa kidogo.

"Rimu zina mafuta, bwana Tadei," akasema.

"Mafuta! Na nani mwenye mafuta kama si wewe? Imetoka mkononi mwako!"

Sauti ikatoka kwenye watu, "Na ya Adolfu nani kaitengeneza? Si huyo huyo?" Mwingine akadakia, "Kumbe! Kamtelezesha huyu, yule apite!" Maneno yakawaka kama nyasi za kiangazi.

Yunusu akasema kwa upole, "Bwana, iliondoka kwangu jana kavu. Waulize wa nyumbani kwako."

Tadei akageuka. Watu wakageuka naye. "Mama Polikarp, kuna mtu aliyeigusa baiskeli hii?"

Hapo ndipo mahali penyewe. Neno lilikuwa ulimini. Lakini aliona uso wa mumewe umejaa tope, akaona wanawake waliompigia vigelegele sasa hivi, akakisikia tena kile kicheko cha barazani, kwamba kitakuwa mara kumi. Akasema, "Hakuna."

Neno moja. Yunusu akaokota pampu yake, akaondoka.

Mambo yaliyofuata hayakuwa na kelele. Baiskeli za misheni zikaanza kupelekwa kwa mtu mwingine. Boma likafuata. Walimu wakipita barazani kwa Abdala wanaangalia upande wa pili. Maandazi ya Kulsumu yakawa yanalala sinia zima, kama vile nayo yametiwa hila. Tadei aliitundika baiskeli ghalani na tope lake, akaapa haigusi, na kila aliyemtembelea alimhadithia habari za fundi yule tapeli. Epifania alikuwa anasikiliza, anachochea moto. Aliacha kwenda mjini siku za soko. Kisimani alikwenda wakati hakuna watu. Marsiana akamwuliza, "Mwanangu, una mimba?" Akasema hana.

Wiki ya tatu akafanya alichozoea. Akasaga unga, laini kuliko siku zote, akajaza kikapu, akaubeba mpaka mjini kwa Kulsumu. Alidhani ataweka mlangoni aondoke. Kulsumu alikuwepo.

"Hodi," Epifania akasema, "nimewaletea unga."

Kulsumu alisimama akamkamata mikono yote miwili. Machozi yakamtoka. "Dada yangu! Tangu siku ile hakuna aliyetuletea hata maji. Na wewe, mke wa yule aliyepata hasara! Mungu akuzidishie." Akawaita majirani waje waone roho nzuri ya mke wa Tadei. Wakaja, wakamsifu.

Epifania alitamani kile kikapu kimpasukie kichwani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake unga ulikuwa umemsemea uongo.

Yunusu akatoka ndani. "Shikamoo, fundi," Epifania akasema, macho chini. "Marahaba, mama." Akamsindikiza hatua chache, mpaka mahali ambapo mkewe hasikii.

"Harufu ya nyonyo naijua," Yunusu akasema. "Kwa Abdala haiuzwi."

Epifania akainua macho. "Basi kwa nini hukusema?"

"Mumeo alikuuliza, ukajibu. Mimi nimwambie mtu mbele ya umati kwamba mkewe mwongo? Hapana. Lile ni lako." Akatazama kofia yake mkononi. "Abdala ananitaka niache baraza, wateja wanakimbia. Siku ya soko ijayo napakia vitu, tunarudi Ujiji."

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu, maana kugombana Epifania alikuwa anajua.

Siku zilizobaki kabla ya soko alizimaliza bila kula vizuri. Asubuhi ya soko akamwambia mumewe, "Shusha baiskeli, twende mjini."

"Kufanya nini? Iko vile vile na tope lake."

"Hivyo hivyo. Twende."

Walipofika barazani kwa Abdala, Yunusu alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye gunia. Watu walikuwa wamejaa, wanunuzi, wachuuzi, wengine wamekuja tu kutazama mtu anavyofukuzwa. Epifania akapanda barazani. Akafungua upande wa kaniki alimofunga kibuyu, akakiweka chini mbele ya Yunusu, mbele ya kila mtu. Akasema kwa Kiswahili, si Kifipa, ili wageni nao wasikie, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza.

"Mafuta ni haya. Mimi ndiye niliyepaka. Fundi alinikataza, nilisikia, nikapaka. Na nilipoulizwa nikasema hakuna. Ni mimi."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wengi. "Loo! Kumpaka mume nyonyo kama jembe!" "Tadei, na wewe ulipakwa, au baiskeli tu?" Tadei alikuwa amesimama ameshika usukani, uso wake umekuwa kama siku ile ya tope, ila safari hii tope hakuna. Kulsumu naye alimtazama Epifania, akaingia ndani.

Yunusu akasubiri kicheko kipungue. Akaipindua baiskeli, magurudumu juu. Akamwita mkewe alete birika la maji ya moto na majivu ya jikoni. Akampa Epifania kitambaa.

"Nyonyo haitoki kwa kufuta. Sugua kwa majivu. Zote mbili."

Basi binti wa wafua chuma alipiga magoti barazani akasugua rimu, mbele ya soko zima, jua likampanda mpaka likampita. Kila akisema basi, Yunusu anapitisha kidole, ananusa, anasema, "Bado." Hakuna aliyemsaidia, na yeye hakuomba. Mwisho Yunusu akanusa, akaitikia kwa kichwa. Hakubadilisha chochote. Akaipanda baiskeli ile, akapandisha barabara mpaka juu, akashuka nayo mbio kuja barazani, akakamata breki. Zililia kiii! Baiskeli ikasimama kama imepigwa msumari.

"Mipira ile ile," akasema, akashuka.

Mwalimu mmoja wa misheni alikuwa pale na baiskeli yake. Akaisogeza mbele. "Fundi, hii yangu nayo mnyororo wake..." Yunusu akaanza kufungua gunia.

Lakini kazi ya utarishi ilikuwa imekwenda kwa Adolfu, na haikurudi. Wala Tadei hakuweza tena kupita mjini bila mtu kumwuliza kama leo amepakwa. Njia nzima ya kurudi Chanji siku ile alisema jambo moja tu: "Ningekuuliza mimi peke yangu nyumbani, ungeniambia?" Epifania akafikiri kweli kweli. Akasema, "Sijui." Hilo nalo lilimwuma kulisema.

Wiki mbili baadaye Tadei akaondoka kwenda Lupa. Asubuhi Epifania alisimama mlangoni, mtoto mkononi. Tadei akachukua koleo lake, akalitazama, akamtazama mkewe.

"Hili usilipake," akasema.

Hakulipaka. Koleo lilitoka kavu, na katika nyumba ile chuma kilikuwa hakijatoka kikavu tangu ndoa.

Tadei alikaa Lupa masika mawili. Watu wakimwuliza Epifania, "Mwenzako vipi?" hakusema tena yupo. Alisema, "Amekwenda Lupa, kwa sababu yangu." Wengine walidhani ni maringo ya namna mpya. Kwa Kulsumu alikuwa anakwenda kusaidia kukaanga, na Kulsumu alichukua muda mrefu kabla ya kumwita tena dada.

Tadei alirudi jioni moja, mwembamba, mvi mbili tatu. Koleo begani lilikuwa jekundu kwa kutu toka juu mpaka chini. Akaliegemeza ukutani, mahali pale pale ilipokuwa inakaa baiskeli. Epifania alimpa maji, akampa uji, akamsikiliza habari za safari. Macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye ile kutu, yanarudi, yanakwenda. Kibuyu kilikuwa juu ya paa la jikoni, kimejaa, hakijaguswa. Mkono ulikuwa unamwasha.

Mwisho akainuka. Akasimama mbele ya mumewe kama mtu aliyeitwa barazani.

"Tadei," akasema, "nilipake?"

Tadei akaweka bakuli la uji chini.

"Lipake," akasema. "Ila mpini uuache mkavu."